Vidudu vya Mkono Mwingine

Mume wangu alipoanza kurudi kutoka kilimani na vidudu ambavyo sikuvitengeneza mimi, nilijua papo hapo kwamba kuna mwanamke. Sikungoja kuambiwa na jirani. Mimi ni mshonaji, cherehani yangu iko barazani kwetu Keshero, hapa Goma, na mkono wa mtu mwingine naujua nikigeuza tu nguo upande wa ndani. Mteja akiniletea gauni na kusema limefumuka lenyewe, namwambia aliyelishona ana haraka na hapendi kuvaa miwani. Basi nilipoona kile kidudu cheusi kwenye kofia ya mume wangu, kimekaa katikati ya vyangu kana kwamba kimealikwa, nilikichomoa, nikakipeleka kwenye mwanga wa mlango.

Vidudu hivyo si wadudu wa kweli. Ni ndoano ndogo zilizovishwa uzi na manyoya ili samaki adanganyike. Mume wangu anauza jibini. Kila mwisho wa juma alikuwa akipanda Masisi, kwenye kilima cha kwao, kuchukua jibini kwa wafugaji. Chini ya malisho yao unapita mto wa maji baridi sana ambamo wazungu wa zamani walitia truiti, samaki mwenye madoadoa ubavuni, mwepesi wa kushtuka. Mzee mmoja Mbelgiji aliyekuwa na shamba la jibini pale jirani ndiye aliyemfundisha kuwavua, yeye akiwa bado kijana. Alimfundisha kurusha kamba nzito kwa fimbo nyepesi. Akamweleza kwamba truiti chakula chake kingi anakipata chini, kwenye mawe, ambako watoto wa wadudu wanaishi kabla ya kuota mabawa. Mzee aliwaita nimfu. Kwa hiyo kwenye uzi mmoja zinafungwa ndoano mbili. Ya mwisho inatengenezwa kama nimfu, nene na fupi, ya kutambaa chini. Ya juu yake inavishwa unyoya laini wa jogoo, nayo inazama kidogo tu, kama mdudu aliyelowa anayechukuliwa na maji.

Mzungu alipozeeka zaidi akarudi kwao, akamwachia fimbo na boksi la vidudu. Lakini vidudu havidumu. Vinakatika kwenye mawe, vinaliwa na nondo, vinapotea. Muda mfupi baada ya ndoa yetu nilimkuta amekaa chini, amebana ndoano kwa koleo, anajaribu kuivisha kwa vidole vyake vya kubebea jibini, utadhani anafunga mbuzi. Nikamnyang'anya.

"Leta hapa, Papa. Utajichoma bure."

Tangu siku hiyo kazi ikawa yangu, na niliipenda kuliko alivyojua. Jogoo wa jirani alifika mahali akiniona anakimbia. Uzi niliotumia ulikuwa mwekundu, kwa sababu nilishona majoho ya korali, yaani kwaya ya parokia, nikabakiwa na bobini kubwa. Kila kidudu nilikianza kwa uzi huo juu ya chuma chenyewe, kwenda na kurudi, kisha nikavisha manyoya au pamba juu yake. Mwishoni, kichwani pale karibu na tundu la kupitishia uzi, niliacha pete nyembamba nyekundu ionekane. Vidudu vya mzungu havikuwa na pete hiyo. Niliiweka mimi, ili mume wangu akishika ndoano kule juu asisahau ametoka nyumba gani.

Maana kile kilima nilikionea wivu kabla hata ya huyo mwanamke. Kwao ni wafugaji, na wafugaji wa zamani wa kule hawali samaki. Si harufu tu wanayoikataa. Mkono ulioshika samaki haushiki chombo cha maziwa, kwa sababu, wanasema, ng'ombe wataumwa kiwele. Vijana wengi siku hizi hawajali tena, lakini kwa mama mkwe wangu sheria hiyo ilikuwa ingali imesimama langoni. Mume wangu akitoka mtoni aliacha fimbo, kofia na mfuko wa samaki nje ya ua, ananawa kwa majivu, ndipo anaingia kunywa maziwa. Mimi nimelelewa upande wa Bukavu, nimekuzwa na sambaza za kila siku, wale dagaa wa ziwa letu. Mama mkwe aliposikia kwamba mwanawe anaoa mla samaki, nasikia alinyamaza mpaka ng'ombe wakarudi.

Kwa hiyo truiti walikuwa ushindi wangu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupita lango la mama yake. Wote walikuja kwangu Goma, wamefungwa kwa majani mabichi katika mfuko wao peke yao ili jibini isinuke. Nilikuwa nawakaanga kwa chumvi na kitunguu kidogo, mume wangu anakula nusu ya mkiani, mimi ya kichwani, na kila nilipotoa mwiba mdomoni nilisema moyoni: huyu amekamatwa kwa uzi wangu. Kilima kilikuwa na maziwa yake, na mimi nina samaki wangu. Tulikuwa tumegawana mwanaume vizuri.

Halafu kikaja hicho kidudu cheusi.

Kilikuwa nimfu. Hakikuwa na unyoya wala pamba. Kilizungushiwa singa, zile nywele ndefu za mkia wa ng'ombe, mzunguko kwa mzunguko, kila mmoja umelala juu ya mwenzake bila kuacha nafasi hata ya kupitisha ukucha. Nilitafuta mwisho wa singa sikuuona. Mtu aliyekifanya alikuwa hana haraka, alikuwa na vidole vyembamba, na alikuwa akimpenda yule atakayekivaa kofiani. Hayo yote niliyasoma pale mlangoni, na la mwisho ndilo lililonichoma.

"Hii njo ya nani?" nikamuuliza. Alikuwa anakunywa chai.

"Ni ya kule ku kilima."

"Kilima iko na mikono?"

Akacheka, akaangalia kikombe. "Inakamataka muzuri sana, ile."

"Nani njo alikufanyia?"

"Mwenyewe alikataza niseme."

Mwenyewe alikataza! Ungekuwa wewe ungelala? Mwanaume anakuambia waziwazi kwamba kuna siri, anakuambia kwamba mwenye siri amekataza, halafu anaomba sukari. Mume wangu hajui kudanganya. Watu wananiambia ni bahati. Wao hawajaishi naye.

Ikawa kila akirudi, vile vyeusi vimeongezeka na vyangu vimepungua. Nikimuuliza vyangu viko wapi, anajibu kwamba havioni kofiani, labda vimekatika kwenye mawe. Nilimtengenezea vingine, navyo vikakatika kwenye mawe. Vyeusi havikukatika. Niliona wazi kinachoendelea: vyangu anavirusha ovyo popote, vya huyo mwanamke anavirusha kwa adabu. Na ndoano alizitoa wapi, huyo? Kule juu hakuna duka la ndoano ndogo vile. Zetu zililetwa na mfanyabiashara anayepitia mpaka wa Bunagana, na mimi nilizifungia kwenye kopo la vifungo. Nikamtuhumu mume wangu kwamba ananiibia ndoano kwenye kopo langu na kumpelekea yeye. Akaapa kwamba hajagusa kopo. Sikumwamini, nikahamisha kopo chini ya kitanda.

Kisha nikafanya kosa la kutaka kushindana. Nikamwambia afunge yangu na ya huyo kwenye uzi mmoja, yangu juu, ya huyo chini, tuone truiti atamchagua nani. Aliporudi nilikuwa nimesimama barazani tangu saa sita.

"Alikula gani?"

"Ya chini."

"Wote?"

"Moja alikula ya kwako. Alikuwa kadogo, nikamuachilia."

Juma lililofuata nikamwambia abadilishe, nimfu yangu iwe chini na ya huyo iwe juu. Nilikuwa nimeizungushia waya mwembamba wa shaba niliotoa kwenye mota mbovu, ili izame vizuri, na nilijivunia sana waya ule. Akarudi na truiti watatu wanene. Nikawaosha, nikawatia chumvi, nikamuuliza kama vile nauliza hali ya hewa. Akafikiri, akakuna shingo. "Ile ya ngombe," akasema, "hata ukiiweka ku mbingu, watapanda tu." Usiku huo nilikula miiba mingi kwa hasira.

Nikaamua kupanda mwenyewe. Nilishona kitenge kizuri, cha bluu, nikasema nampelekea mama mkwe. Ukweli ni kwamba nilimshuku msichana mmoja wa pale wanapokanda jibini, mwenye mwanya, ambaye mume wangu aliwahi kusema ana mikono safi. Mwanaume akisifu mikono ya msichana, hesabu inajifanya yenyewe. Tulipanda kwa pikipiki, mimi nyuma, kitenge mapajani, na njia nzima kuanzia Sake nilipanga maneno ya kumwambia.

Nikamkuta. Mikono yake ni safi kweli, lakini chumvi ya jibini imeipasua kila kiungo, na alikuwa akishika hata kisu kwa shida. Asingeweza kushika singa moja. Nilimsalimia kwa upole ulionishangaza mimi mwenyewe, nikaenda zangu kwa mama mkwe nikiwa sina tena mtu wa kumchukia.

Mama mkwe, ambaye kwa Kinyarwanda tunamwita mabukwe, alinipokea kama alivyonipokea siku zote, kwa kunishika mikono yote miwili na kuangalia pembeni. Nami nikainamisha macho kama inavyompasa mkamwana, mukazana kama wanavyosema wao. Akanikaribisha maziwa. Chombo kilikuwa cha mti, kirefu, na juu yake mfuniko wa kusuka wenye ncha. Nikaupokea ule mfuniko niuweke kando, na vidole vyangu vikausoma kabla ya macho. Mzunguko kwa mzunguko, kila mmoja umelala juu ya mwenzake bila nafasi ya ukucha. Nilitafuta mwisho wa ukili sikuuona.

Nikaweka maziwa chini bila kuyaonja.

"Mama," nikasema, "ni weye njo unafanyaka bile bidudu?"

Akaangalia langoni kwanza, kama kuna jirani. Kisha akacheka kimyakimya, mkono mdomoni. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo.

"Usiseme kwa bantu, mukazana wangu. Watasema mwenye maziwa ameanza kufungia samaki."

"Lakini weye haupendake samaki."

"Sipendi. Nafanyia inje, pale ku jiwe, kisha nanawa na majivu. Singa ni ya ngombe, aiko na samaki ndani." Akachukua kile chombo cha mti, akakizungusha mikononi mwake. "Tangu alijua ile mayi, mutoto wangu anapita hapa mbiyo. Anakunywa maziwa amesimama. Nikimwuliza habari ya ngombe, anaangalia mutoni. Njo nikasema, kama ni mayi inamuleta, na miye niingie mu ile mayi."

Nilitaka kumwuliza ndoano anapata wapi. Akanitangulia kwa kunisifia kitenge, akajitanda, akazunguka nacho uani, na swali likapita. Njiani kurudi mume wangu aliniuliza, akipiga kelele juu ya pikipiki, kama sasa moyo umetulia.

Utulie vipi? Kama angekuwa msichana mwenye mwanya ningejua la kufanya. Ningegombana, ningelia, ningerudi Bukavu kwa dada zangu mpaka nifuatwe. Mama mkwe unamfanya nini? Unagombana naye kwa kosa gani, la kumpenda mwanawe? Na alikuwa amenishinda kwa haki kabisa. Mimi nilikuwa naamini kwamba mto ni upande wangu, kwamba samaki ndiye mahali ambapo yule mama hawezi kuingia, kwa sababu sheria yake mwenyewe inamzuia. Kumbe aliizunguka sheria, akakaa nje ya ua wake juu ya jiwe, akaingia mtoni kwa mkia wa ng'ombe. Nilikuwa na maziwa ya kuonea wivu, sasa nikawa na maji pia.

Niliendelea kutengeneza vyangu. Vilikuwa vizuri, nasema bila aibu. Nilijifunza kugeuza mawe pale ufukweni mwa ziwa nione wadudu wake walivyo, nikachanganya pamba ya kahawia na nyuzi za gunia. Mume wangu alivisifu, akavipanga kofiani, akapanda navyo, akarudi bila hata kimoja. Mawe, akasema. Nikamwambia mawe ya huko kwao yana ubaguzi.

Kisha akamkamata yule mkubwa. Naeleza kama alivyonieleza yeye, maana mimi sikuwepo, nilikuwa nashona sare za watoto wa watu. Alikuwa amesimama chini ya maporomoko madogo, nimfu ya mama yake iko mwisho wa uzi, na fimbo ikainama mpaka akaogopa. Walivutana sana. Alipomtoa hakuamini. Akapanda naye kilima, akasimama nje ya lango kama inavyotakiwa, akamwita mama yake aje kuona, akamwinua yule samaki juu ya ua. Na yule mama, ambaye kwa maisha yake yote hakutaka hata kusikia harufu ya samaki, alimtazama kutoka upande wa ndani, akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Siku ya harusi yetu hakupiga vigelegele. Nilikuwepo, nilisikiliza. Nilimkaanga yule truiti kwa vipande vitatu kwa sababu hakuingia kwenye kikaango, mume wangu akanipa shavu la samaki, ile nyama tamu kabisa, nami sikusikia ladha yoyote.

Baada ya hapo vita vikaja, njia ya kilimani ikafungwa. Mtu wa Goma haelezi njia inavyofungwa. Unaamka, pikipiki haziendi, mzigo haushuki, unangoja. Jibini ilikosekana, mume wangu akaanza kuuza sabuni na vibiriti. Simu ya kilimani ilipatikana kwa kubahatisha, mtu akipanda mahali penye mtandao. Siku moja ilipatikana, na aliyekuwa upande wa pili ni binamu yake, akisema mama aliumwa kifua kwa muda mfupi, amekwenda, na wamekwisha kumzika kwa sababu hawakuweza kungoja.

Mume wangu hakulia. Aliweka simu mezani, akainuka, akachukua fimbo, akashuka ziwani. Nilimfuata kwa mbali. Pale kwetu ufukwe ni mawe meusi ya volkano yenye makali. Hakuna truiti ziwani, yeye anajua kuliko mimi, na mawe yale yanameza ndoano. Lakini alifunga nimfu ya mama yake, akairusha, ikanasa, ikakatika. Akafunga nyingine. Kila alasiri alifanya hivyo, na kila alasiri mawe yakachukua moja, mpaka jioni moja akarudi mapema, akaegemeza fimbo nyuma ya kabati na kutundika kofia juu yake. Kofiani ilibaki moja tu.

Nyumba ikawa nzito. Anakula, anauza sabuni yake, anajibu akiulizwa. Hakunitazama kwa ubaya wala kwa uzuri. Nilimtengenezea vidudu vipya, vyenye pete nyekundu, nikavipanga mezani mbele yake, akasema, "Aksanti, Mama," akavisogeza ili aweke sahani. Hapo ndipo wivu wangu ulipofika kilele, naona haya kusema, lakini ndivyo ulivyokuwa. Nilikuwa hai, nimekaa mbele yake, na aliyekufa alikuwa amejaza chumba kizima. Niliogopa kwamba mume niliyemjua, yule wa kuchekea kikombe cha chai, hatarudi tena, na kwamba ataishi nami hivi hivi, kama mpangaji mwenye heshima, mpaka tuzeeke.

Asubuhi moja ya Jumapili, baada ya misa, akaja barazani na ile kofia. Akachomoa kile kidudu cha mwisho, akakiweka katika kiganja changu.

"Fungua hii," akasema.

"Nifungue?"

"Uone alikuwa anafanyaka namna gani. Kisha unifanyie ingine. Miye naanza kusahau mukono yake."

Nikamwambia nikikifungua hakitarudi kama kilivyokuwa. Nikamwambia singa ni za zamani, zitakatika. Akasema anajua. Akavuta kiti, akakaa, akasubiri. Mtu mwingine yeyote angekipeleka kwa fundi wa saa. Yeye alinipa mimi, adui wa kidudu hicho, na kusema kweli sikujua kama ni kuniamini au ni kutojua kabisa kwamba nimekuwa nikikichukia.

Nikatandika kitambaa cheupe mapajani, nikabana ndoano kwa koleo, nikatafuta mwisho wa singa kwa ncha ya sindano. Nilikaa sana mpaka nikaupata. Alikuwa ameuficha chini ya mizunguko mitatu, mama yule. Nikaanza kurudisha nyuma, taratibu, singa moja baada ya nyingine, na kila iliyotoka nikailaza juu ya kitambaa kwa mpangilio. Mume wangu alikuwa ameinama karibu hata nikasikia pumzi yake. Nilitarajia kufika kwenye chuma.

Nilifika kwenye wekundu.

Kwanza nilidhani ni kutu. Nikatoa singa nyingine, na ukawa uzi. Uzi wa majoho ya korali. Umekwenda na kurudi juu ya chuma kama ninavyofanya mimi, na pale kichwani pete yangu ilikuwepo, nzima, imefunikwa tu. Pembeni palibaki mashina ya unyoya wa jogoo, yamekatwa kwa wembe, safi. Nikakumbuka ile kofia iliyokuwa ikitundikwa nje ya lango, kila juma, wakati mwenyewe yuko ndani anakunywa maziwa. Hakuna mawe yaliyokula vidudu vyangu.

Damu ilinipanda, siwezi kuficha. Mwizi! Wale wanene watatu, na yule mkubwa, na vile vigelegele vyote, vilikuwa juu ya kazi yangu. Nilifungua mdomo nimwambie mume wangu hivyo hivyo. Lakini vidole vilikuwa bado kwenye ule uzi, na vidole vyangu vina tabia ya kusoma kabla yangu. Hakukuwa na mzunguko wangu hata mmoja uliofunguliwa. Kwa mikono kama ile, kuung'oa uzi wangu wote ilikuwa kazi ya dakika. Ningekuwa mimi nimeshika kidudu chake kule juu, nje ya lango, peke yangu, ningekinyofoa mpaka chuma king'ae, kisha nianze upya na cha kwangu peke yake. Yeye alikata unyoya tu. Pete aliifunika, ndiyo, mwanamke ni mwanamke. Lakini hakuitoa.

Mume wangu aliutambua uzi. Amekuwa akiuona miaka yote.

"Ile nyekundu ni ya kwako."

"Ni yangu."

Akaugusa kwa ncha ya kidole. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, "Basi ile samaki kubwa, ilikuwa ya nani?"

Swali hilo nilikuwa nimelingoja tangu siku ile ya mlangoni. Nilikuwa nalo jibu, na ushahidi uko mapajani kwangu, mwekundu, usio na wa kuupinga.

"Ilikuwa ya mama yako," nikamwambia.

Akafunika uso kwa ile kofia, na hapo ndipo akalia, kwa sauti, mpaka watu waliokuwa wakitoka misa ya pili wakageuka. Mimi nilikuwa na hasira na jibu langu mwenyewe, na nilibaki nayo mpaka jioni. Lakini nilivaa miwani, nikazirudisha singa juu ya uzi wangu, moja moja, kama alivyozilaza yeye, na nilipofika kichwani sikuacha wekundu wowote uonekane.